Umeanguka na mzigo Kariakoo, shingo inauma: Lini unahitaji picha, na lini huhitaji?

Tukio lenyewe halimalizi sekunde tatu. Kijana kabeba belo la mitumba kichwani, anashuka ngazi za moja ya maghorofa ya Mchafukoge, mguu unateleza, yeye chini na belo juu yake. Watu wanajaa. Mmoja anamshika kwapani, mwingine miguuni, wa tatu anapiga kelele: "Mkalisheni apate hewa!" Dakika tano baadaye yuko kwenye bajaji, kabanwa katikati ya watu wawili, kichwa kinayumba kila tairi likiingia shimoni.

Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Anachuliwa, anapumzika siku mbili, anarudi mzigoni. Ila wapo wachache ambao mfupa wa shingo umevunjika na bado wanaongea, wanatembea, hata wanatania. Hao ndio wanaowanyima usingizi madaktari wa dharura, kwa sababu kwa nje wanafanana kabisa na wale ambao hawana kitu.

Swali la hospitali, basi, ni gumu kuliko linavyoonekana: nani kati ya hawa apigwe picha, ya aina gani, na nani aruhusiwe kwenda nyumbani bila picha yoyote?

Pingili saba tu

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Twiga naye ana saba, zake ni ndefu tu. Pingili hizo zimepangwa moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa kano, na katikati yake kuna tundu. Ndani ya tundu hilo unapita ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo kwenda mikononi, miguuni, kwenye kibofu, kila mahali.

Mfupa ukivunjika bila kusogea, ugwe unaweza kubaki salama. Mfupa ukisogea, hata kwa milimita chache, unaweza kuubana au kuukata. Hapo ndipo mtu anapopooza. Na kadiri jeraha linavyokuwa juu ndivyo hatari inavyozidi: mishipa inayoendesha kiwambo, ule msuli mkuu wa kupumua, inatoka kwenye pingili za tatu, nne na tano za shingo. Ugwe ukikatika juu ya hapo, mtu hawezi kuvuta pumzi mwenyewe.

Pingili mbili za juu kabisa zina umbo la peke yake. Ya kwanza ni kama pete inayobeba fuvu. Ya pili ina kijino kinachochomoza kwenda juu na kuingia ndani ya pete hiyo, na ndicho kinachokuwezesha kugeuza kichwa kusema "hapana". Kijino hicho huvunjika sana kwa wazee, hata kwa kuanguka tu bafuni.

Kariakoo inaujua uzito wa zege

Jumamosi asubuhi ya Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo, kwenye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Congo. Watu zaidi ya 25 walifariki. Zaidi ya 80 waliokolewa, wengine baada ya kukaa saa nyingi chini ya kifusi wakiwasiliana na waokoaji kwa simu. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Serikali ingebeba gharama za matibabu ya majeruhi wote.

Miaka 11 nyuma, Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa bado linajengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30.

Kwenye matukio kama hayo hakuna anayebishana. Mtu aliyetolewa chini ya zege anahesabiwa kuwa ana jeraha la shingo hadi ithibitike kwamba hana. Kuna kitu kimoja tu kinachotangulia: pumzi na damu. Mtu anayekabwa au anayevuja damu nyingi hasubirishwi kwa sababu ya shingo.

Lakini maghorofa hayaporomoki kila siku. Kinachotokea kila siku ni mtu kuanguka kwenye ngazi, fundi kudondoka kwenye jukwaa la miti, abiria wa bodaboda kurushwa Barabara ya Uhuru, mama kugongwa na guta lililojaa viroba. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, ukipitia mafaili ya majeruhi wa uti wa mgongo wa mwaka 2010 hadi 2014, ulikuta kwamba sababu iliyoongoza ni kuanguka. Ajali za barabarani zilikuwa nyuma yake. Kilimanjaro watu wanaanguka kutoka kwenye miti na mabondeni. Kariakoo hakuna miti ya kupanda, ila ngazi zipo, na nyingine ni nyembamba kweli.

Halafu kuna suala la mizigo ya kichwani. Bangladesh, ambako nako watu wengi hubeba kwa kichwa, kituo kikubwa cha kuhudumia waliopooza karibu na Dhaka kimeandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa walioanguka wakiwa na mzigo mzito kichwani. Mantiki yake ni rahisi. Shingo imezoea kubeba kichwa, kilo nne au tano hivi. Ukiwa umenyooka, misuli inagawana uzito wa belo na ngata yako imekaa sawa. Ukiteleza, uzito wote unashuka kwa mpigo mmoja kwenye pingili ambazo tayari zimepinda. Madaktari wanaliita hilo pigo la kutoka juu ya kichwa kwenda chini, na kwenye orodha zao za hatari limo.

"Daktari kamgusa tu, hata picha hakupiga"

Hii ni lawama ya kawaida kwenye mabenchi ya hospitali. Ndugu wamekuja na mgonjwa, wamelipia faili, wanategemea mashine. Daktari anabonyeza shingo, anauliza maswali matano, anamwambia mgonjwa ageuze kichwa, kisha anasema: "Hana tatizo, mpeni hizi dawa za maumivu." Ndugu wanatoka wakinung'unika kwamba wamepuuzwa.

Kumbe huenda wamehudumiwa vizuri kuliko wangepelekwa moja kwa moja chumba cha picha.

Kuna maelezo nyuma ya hayo maswali matano. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la New England la Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao NEXUS. Walifuatiliwa wagonjwa 34,069 waliopigwa picha za shingo baada ya ajali. Waliokutwa na jeraha walikuwa 818 tu, yaani kama wawili na kitu katika kila mia. Wengine wote walipigwa mionzi, wakasubiri, picha zikarudi safi.

Watafiti walitaka kujua kama daktari anaweza kuwatambua hao wasio na jeraha kwa mikono na macho yake. Wakapata mambo matano. Shingo ikibonyezwa katikati kwa nyuma, haiumi. Hakuna ganzi wala udhaifu wa mkono au mguu. Mgonjwa ana akili timamu, anajua alipo na kilichotokea. Hajalewa. Na hana jeraha jingine linalouma kiasi cha kumsahaulisha shingo, mfano mguu uliovunjika.

Akitimiza yote matano, picha haihitajiki. Likikosekana hata moja, anapigwa. Katika wale 818, kanuni hii iliwakosa wanane, na kati ya hao wawili tu ndio waliokuwa na jeraha lenye uzito.

Hilo la tano watu hulidharau. Mtu aliyevunjika paja haongelei shingo, anaongelea paja. Ubongo una foleni yake ya maumivu, lenye kelele ndilo linalosikilizwa. Ndiyo maana daktari makini hakubali "shingo haiumi" kutoka kwa mtu mwenye mfupa wa mguu uliotoka nje.

Na la nne, la pombe, si la kumhukumu mtu. Aliyelewa anaweza kuwa na shingo iliyovunjika na asihisi kitu. Anasubiriwa mpaka pombe iishe ndipo apimwe upya, au anapigwa picha tu.

Kanuni ya Canada: geuza mwenyewe

Mwaka mmoja baadaye, 2001, timu ya Canada ikaja na kanuni yake, iliyotokana na wagonjwa 8,924 wenye fahamu kamili. Hii inaanza na hatari. Una miaka 65 au zaidi? Picha. Una ganzi au michomo kama ya sindano mikononi au miguuni? Picha. Umeanguka kutoka urefu wa mita moja hivi au ngazi tano? Picha. Umepigwa kichwani kwa juu, gari limepinduka, umerushwa nje, umegongwa ukiwa kwenye baiskeli? Picha.

Ngazi tano! Ghorofa lolote la Mchafukoge lina ngazi tano kabla hujafika hata kwenye kona ya kwanza.

Kama hakuna hatari hizo, daktari anatafuta dalili njema: ulitembea mwenyewe baada ya ajali, umekaa kwenye kiti bila shida, maumivu yalianza baadaye na si palepale, katikati ya shingo haiumi ukibonyezwa. Ikiwepo hata moja, anakwambia ugeuze kichwa kulia, halafu kushoto, nyuzi 45, yaani kama unataka kuangalia katikati ya mbele na bega. Ukiweza pande zote mbili, unaenda nyumbani bila picha.

Neno la kushika hapo ni "mwenyewe". Daktari hakugeuzi, unajigeuza. Mwili wenye jeraha hujizuia: misuli inakaza, maumivu yanakusimamisha kabla hujafika pabaya. Mtu mwingine akikugeuza, ulinzi huo haupo. Sasa linganisha na kile kinachofanyika saluni nyingi za kiume mjini, kinyozi akimaliza kunyoa anashika kidevu na kisogo, anazungusha mpaka ilie "kwaa!" Kwa mtu aliyeanguka jana, huo ni mchezo wa hatari. Hivyo hivyo kwa wachuaji na waunga mifupa. Shingo iliyopata ajali haichuliwi, hainyooshwi, haivutwi, mpaka ipimwe.

Mwaka 2003 kanuni hizi mbili zilishindanishwa Canada kwa wagonjwa zaidi ya 8,000, na ile ya Canada ikawakamata wenye majeraha wengi zaidi kuliko NEXUS. Ni kweli walioshindanisha ni haohao waliotunga kanuni ya Canada, na wenzao wa Marekani walilisema hilo. Hospitali nyingi duniani hutumia moja kati ya hizo, au zote.

Inabidi kuwa wakweli hapa: kanuni zote mbili zilitengenezwa Amerika Kaskazini. Hakuna kuli wa Kariakoo aliyekuwemo, na bodaboda haikuwa kichwani mwa waandishi wake. Lakini daktari wa Dar hahitaji kufikiria sana ili amweke abiria aliyerushwa kutoka kwenye pikipiki upande wa hatari. Na tahadhari nyingine: hizi ni kanuni za mtoa huduma aliyefunzwa, si za kujipima kwenye kijiwe cha kahawa. Msomaji anazijua ili aelewe anachofanyiwa.

Eksirei: picha inayoweza kusema uongo

Tuseme picha inahitajika. Kwa hospitali nyingi na vituo vya afya, kinachofuata ni eksirei, kwa sababu ndiyo iliyopo na ndiyo nafuu.

Picha za kawaida za shingo ni tatu: ya pembeni, ya mbele, na moja ambayo mgonjwa anafumbua mdomo wazi ili kile kijino cha pingili ya pili kionekane kupitia katikati ya meno. Ile ya pembeni ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayoharibika mara nyingi. Sababu ni mabega. Mtu mwenye mabega mapana, na makuli karibu wote wako hivyo, mabega yake yanafunika pingili za chini. Picha inatoka nzuri, pingili tano au sita zinaonekana vizuri, ya saba imezama kwenye weupe wa mabega. Na pale ambapo pingili ya saba ya shingo inakutana na ya kwanza ya kifua ni mahali shingo hupenda kuvunjika.

Kwa hiyo kuna kanuni ya zamani kwenye vyumba vya picha: hesabu. Pingili saba zote, pamoja na sehemu ya juu ya ile ya kwanza ya kifua. Zikionekana sita, picha hiyo haijakamilika hata kama inapendeza. Mtaalamu anaweza kuvuta mikono ya mgonjwa kwenda chini taratibu, au kumweka mkono mmoja juu kama mtu anayeogelea, kisha apige tena.

Hapa ndugu wa mgonjwa ana swali moja la maana la kuuliza, kwa heshima tu: "Daktari, pingili zote saba zimeonekana?" Si swali la kumtega mtu. Daktari mzuri hatakasirika, atakuonyesha.

Hata eksirei iliyopigwa vizuri ina kikomo chake. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani walikusanya tafiti zilizolinganisha eksirei na CT scan kwa majeruhi wenye uwezekano mkubwa wa kuumia shingo. Eksirei ilikamata asilimia 52 ya majeraha. CT ilikamata asilimia 98. Nusu kwa nusu, bwana. Hiyo ndiyo sababu nchi tajiri zimeacha karibu kabisa kutegemea eksirei ya shingo kwa watu wazima waliopata ajali kubwa.

CT scan inaonyesha nini cha zaidi?

Eksirei ni kivuli. Mionzi inapita, mifupa inazuia, vinavyopishana vyote vinalala juu ya karatasi moja. CT inakata mwili vipande vyembamba, kama mkate wa slesi, halafu kompyuta inavipanga tena ili daktari aone shingo kutoka juu, pembeni au mbele. Mabega hayafichi kitu. Ufa mdogo kama unywele unaonekana. Mashine ya kwanza ilimpiga picha mgonjwa London mwaka 1971. Leo kazi ya kupiga yenyewe kwa shingo ni sekunde chache, muda mrefu ni wa kumhamisha mgonjwa kitandani.

Tanzania ilikuwa na CT chache, nyingi zikiwa Dar es Salaam na kwenye hospitali kubwa za kanda. Sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni wa wakati wa UVIKO-19 ilitumika kununua CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa aliyeumia Mchafukoge, jirografia imemkalia vizuri: Muhimbili iko Upanga, kilomita chache tu. Pale kuna idara ya dharura iliyofunguliwa mwaka 2010, na ndani ya uzio uleule ipo MOI, taasisi ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Majeruhi wa uti wa mgongo kutoka mikoani husafirishwa siku nzima kufika hapo.

Basi kwa nini kila mtu asipigwe CT tu, yaishe? Kwanza pesa. Bei yake ni mara kadhaa ya eksirei, na kuli wa kulipwa kwa mzigo hana bima mara nyingi. Pili foleni, kwa sababu mashine hiyohiyo inasubiriwa na mwenye kiharusi na mwenye damu kichwani. Tatu mionzi. Eksirei za shingo hutoa kama milisivati 0.2. CT ya shingo hutoa kama milisivati 3, wakati mtu wa kawaida duniani hupata milisivati 2.4 kwa mwaka mzima kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa mtu mwenye dalili, hicho si kiasi cha kuogopa. Kwa mtoto asiye na dalili yoyote, ni mzigo asiouhitaji.

MRI inaingia wapi

CT ni bingwa wa mifupa. Ugwe wenyewe, kano na diski haivioni vizuri. MRI inaviona, na haitumii mionzi bali sumaku kali na mawimbi ya redio. Inaitwa pale mgonjwa ana ganzi au mkono umelegea wakati CT inasema mifupa ni mizima, au daktari wa upasuaji anataka kujua ugwe umebanwa na nini kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Inachukua muda, nusu saa na zaidi, mgonjwa akiwa hatikisiki. Aliye mahututi si rahisi kuingizwa humo. Na mwenye chuma mwilini, kama vipande vya risasi au kifaa cha moyo, lazima aseme mapema.

Watoto wana kisa chao. Mifupa na kano zao zinavutika, hivyo ugwe unaweza kuumia na kila pingili ikabaki mahali pake. Eksirei safi, CT safi, mtoto hawezi kusimama. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani waliipa hali hiyo jina lake, wakati MRI ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mtoto akianguka na kulalamika kwamba mikono iliwaka moto au ilikufa ganzi hata kwa dakika moja tu, hilo lisemwe kwa daktari. Mzazi asilifiche kwa kudhani limeshapita.

Kwa wazee kisa ni kinyume. Mifupa imekauka, ajali ndogo inatosha. Bibi aliyeteleza sakafuni na kugonga paji la uso, akasema shingo "imekaza kidogo", anahitaji kuangaliwa kwa umakini kuliko kijana wa miaka 25 aliyeanguka vilevile.

Ukiwa wewe ndiye uliyesimama pale

Rudi kwenye zile ngazi. Kijana yuko chini, belo limeondolewa. Kama anapumua na hakuna hatari nyingine, moto, nyaya za umeme au ukuta unaotaka kudondoka, hakuna haraka ya kumwinua. Mwambie asitikise kichwa. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, kishike kwa mikono miwili pande zote, kama kilivyo, bila kukivuta wala kukinyoosha. Muulize jina, muulize kama anahisi vidole vya miguu. Wengine watawanye watu na watafute usafiri. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Usimkalishe. Usimpe maji. Usimvue ngata au kofia kwa nguvu kama imebana.

Kola ya shingo? Kama hujafunzwa, achana nayo. Mwaka 2015 jopo la kimataifa la wataalamu wa huduma ya kwanza lilishauri watoa huduma ya kwanza wasiwe wanavalisha kola kila mtu, kwa sababu faida yake haikuthibitika na madhara yapo: inabana, inapandisha shinikizo kichwani, na kuivalisha kwenyewe kunahitaji kuisogeza shingo. Mikono miwili iliyotulia inatosha.

Akitapika au akianza kukoroma, agezwe upande mwili wote kwa pamoja, kama gogo. Mmoja kichwani, wawili au watatu ubavuni, aliye kichwani ndiye anayehesabu: moja, mbili, tatu. Usafiri ukiwa ni wa kuungaunga, alazwe chali juu ya kitu kigumu, ubao au mlango, na siyo kuketishwa. Bajaji haifai. Kirikuu au gari lolote lenye sehemu ya nyuma ya kumlaza ni afadhali, likiendeshwa taratibu. Karatasi ya PF3 ifuatwe polisi na mtu mwingine wakati mgonjwa anaendelea hospitali.

Mkifika, maelezo yenu ni sehemu ya kipimo. "Kaanguka" haitoshi. Alianguka ngazi ngapi, mzigo ulikuwa wa kilo ngapi, uliangukia wapi, alipoteza fahamu, alisimama mwenyewe? Zile kanuni mbili zote zinategemea majibu hayo, na mgonjwa mwenyewe huenda hakumbuki.

Akiruhusiwa bila picha, au picha ikirudi safi, shingo inaweza kuuma kwa siku kadhaa na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni ganzi mpya, mkono kuanza kudondosha vitu, miguu kulegea, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Likitokea mojawapo anarudi siku hiyohiyo, na anarudi na picha zake. Filamu au CD ya hospitali ya kwanza isiachwe kwenye droo ya nyumbani Buguruni, maana daktari wa pili akikosa cha kulinganisha ataanza upya, na anayelipa tena ni mgonjwa.